Foleni ya Krismasi

Kanisani kwetu Rumonge, Burundi, upendo una kamati, na kamati ina muhuri. Mimi ndiye katibu wake, kwa kosa moja tu la kuwa na mwandiko mzuri. Mwalimu wa shule ya msingi hana pa kujificha watu wanapotafuta wa kuandika. Kila Desemba inapofika katikati, mvua imeshika kweli na vichochoro vya sokoni vimegeuka tope, tunakutana katika chumba cha nyuma ya madhabahu kuamua nani ni maskini.

Lazima niseme sisi ni watu gani, la sivyo ujinga wetu hautaeleweka. Karibu kamati nzima tulizaliwa au tulikulia kambini, Tanzania. Wazazi walikimbia, sisi tukarudi, wengine wakashukia Nyanza-Lac na wengine hapa. Kambini kupewa kitu kulikuwa na utaratibu wake: kadi, foleni, kidole gumba ndani ya wino, kisha kipimo cha mahindi na mtu wa kukufokea usogee. Tuliichukia foleni ile kwa moyo wote. Sasa tuna kanisa letu la matofali ya kuchoma, na sisi ndio wenye cha kugawa. Unadhani tulibuni nini? Kadi, foleni na wino. Njia nyingine ya kupeana hatukufundishwa, na kuuliza hatukujisumbua. Hata ile sauti ya kufokea tunayo. Mwenyekiti wetu anaiiga vizuri mno, mpaka mimi mtu mzima nikiisikia nanyoosha mgongo.

Mwaka mmoja tuliongeza picha. Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa mawese, na alikuwa amenunua simu mpya, kwa hiyo kila mpokeaji ilibidi asimame chini ya bango, akumbatie mfuko wake kifuani na kutabasamu. Bango liliandikwa kwa herufi nyekundu kwamba Krismasi ni upendo. Chini yake kulikuwa na jina la mwenyekiti, kwa herufi ambazo siwezi kuziita ndogo.

Kwenye orodha yangu kulikuwa na mama mmoja mjane. Kambini mlango wake ulitazamana na wetu, na mama yangu alipougua, ndiye aliyenipikia uji mwaka mzima. Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza kadi. Aliporudi Burundi alijenga karibu na ziwa. Ziwa likapanda, likamchukulia nyumba polepole: choo kwanza, kisha jiko, kisha ukuta wa chumba alicholala. Tangu hapo anakaa kwenye chumba cha uani cha jirani yake, mama Mwislamu anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Hakuna kamati iliyoketi juu ya jambo hilo. Yule mama wa ndagala aliona sufuria za mwenzake zinaelea, akahamisha magunia yake na kumwambia ingia.

Mwaka huo, pamoja na mchele na sabuni, tulipata magodoro machache kwa ajili ya waliofukuzwa na maji. Mama huyu ana kifua kibovu. Alikuwa akilala kwenye mkeka juu ya sakafu yenye unyevu, na ukipita barazani asubuhi unamsikia anavyokohoa mpaka pumzi inamwishia. Nililitaka godoro moja limfikie yeye kuliko nilivyoitaka Krismasi yenyewe.

Nikampelekea kadi mapema. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

“Mwanangu, foleni mimi nilishapanga. Siku nilipopanda lori la kurudi nilisema basi. Godoro mpeni mwenye miguu ya kusimama.”

Nilidhani kamati itaelewa; hapo nakiri upumbavu wangu. Nilieleza kikaoni, mwenyekiti akanisikiliza huku akiifuta simu yake kwa tai.

“Asiyekuja mwenyewe hapati,” akasema. “Huyu tukimupelekea nyumbani, mwaka kesho wote watajifanya bagonjwa.”

Mzee mwingine wa kanisa, mtu anayefunga na kuomba kila Ijumaa na kuhakikisha tunajua, akaongeza: “Na tena iko anakaa kwa Waislamu. Si banamusaidia? Wao waendelee.”

Kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Mimi niliandika katika muhtasari kwamba hoja imejadiliwa. Nilikuwa na maneno makali ya kuwaambia, nikapiga mstari chini ya hoja. Katibu haongei, anaandika, na mimi nimejificha nyuma ya sentensi hiyo miaka mingi.

Siku ya Krismasi mhubiri alihubiri juu ya Yusufu na Mariamu waliokosa nafasi kwenye nyumba ya wageni. Alihubiri vizuri. Kina mama walilia, mwenyekiti alifuta jicho, na yule mzee wa Ijumaa akaguna kwa uchungu kwa ajili ya watu wa Bethlehemu wasio na huruma. Nilimtazama usoni nione kama kuna kitu kitamchoma. Hakuna kilichomchoma.

Baada ya ibada tukapanga foleni uani. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, lile la kuchoma kichwa, na wapokeaji walisimama humo na kadi zao huku sisi wa kamati tukiwa kivulini na sahani za samaki sangala. Babu mmoja aliyekuwa mvuvi alitabasamu kabla simu haijawa tayari, uso ukamchoka, picha ikatoka amenuna. Akarudishwa chini ya bango. “Tabasamu, mzee, umepewa!” mwenyekiti akafoka. Babu akatabasamu. Nilimshika kidole, nikakichovya kwenye wino, nikamwambia asante kana kwamba yeye ndiye alikuwa akinipa mchele.

Jioni lilibaki godoro moja, na kwenye rejista ukabaki mstari mmoja mtupu, ule wa mjane. Mstari ule ulimkera mwenyekiti kuliko kifua cha mjane yeyote. Aliutazama, akautazama tena, na mimi nikaona upenyo.

“Nimpelekee?”

“Peleka. Lakini kidole kirudi.”

Nililifunga godoro nyuma ya pikipiki na kwenda. Nilifurahi, sitasema uongo. Njia nzima nilijiona mtu mwema. Niliwakuta wale mama wawili uani, mama wa ndagala akigeuza samaki kwenye mawese.

“Karibu, mwalimu, njo ukule,” akaniita. “Leo iko siku yenu, nilisema huyu dada yangu asiipitishe bila kitu.”

Nikaliingiza godoro chumbani na kulitandika. Mjane akaketi juu yake, akalibonyeza kwa viganja vyote viwili, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. “Murakoze,” akashukuru kwa Kirundi, “murakoze cane.” Hapo ndipo nilipotakiwa kuaga.

Nilitoa rejista kwapani na kidau cha wino mfukoni.

“Eh, mwalimu!” mama wa ndagala akasema mlangoni, mwiko mkononi. “Hata hapa?”

Nikafungua rejista na kidau. Ningeweza kuufunga ule wino. Ningeweza kubonyeza kidole changu mwenyewe kwenye mstari ule, na nani angejua? Wazo hilo lilinijia wiki nzima baadaye, likiwa halina kazi tena. Pale pale nilibaki nimesimama, rejista wazi, nikimngoja.

Mjane alikitazama kidau. Halafu akanitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na huruma. Akajifuta mkono kwenye kitenge, akaninyooshea kidole gumba.

“Weka, mwanangu. Wasije wakakugombeza kwa ajili yangu.”

Nikaweka. Nilikikandamiza kwa uangalifu, kisichafue jina la juu yake.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisimama mbele ya kanisa akiwa na rejista, akatangaza kwamba safari hii hakuna mstari hata mmoja uliobaki mtupu, na kwamba sifa zimwendee katibu. Akaniita. Nikasimama, nikapigiwa makofi, nikakaa.