Bei ya Tiketi Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, leo nusura nimharibie rafiki yangu Otieno uchumba, na sikufanya kosa lolote. Nimekimbilia kompyuta ya chuo kuwaandikia.

Baba yake Akinyi, mchumba wa Otieno, amekuja kututembelea huku ughaibuni tunakosoma, kutoka Kisumu. Otieno akawapeleka yeye na Akinyi kutazama mchezo wa besiboli, viti vya mbele kabisa, vile vya bei ya kuuma.

Mimi nikanunua kiti cha juu karibu na paa, bei ya soda mbili. Otieno alinicheka mpaka mlangoni.

Ndani, uwanja mtupu. Timu yenyewe inafungwa kila siku, nani aje?

Mchezo ulipofika katikati, mama anayekagua tiketi akaniambia, "Shuka ukae mbele, viti viko wazi."

Nikakaa nyuma ya Otieno.

Mzee akageuka, akauliza kwa upole, "Wewe ulilipa ngapi?"

Otieno akanikazia macho. Lakini mzee nitamdanganyaje? Nikamtajia.

Akamgeukia binti yake, akamwuliza, "Na huyu kijana, ameoa?"

Akinyi alicheka hadi machozi. "Baba, mimi nimeshachagua wa bei ghali."

Mzee akacheka pia. Otieno bado haniongeleshi.

Semeni ukweli, nyinyi mngemtajia bei gani?