Shingo Yangu na Mkanda wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu na mimi damu zetu hazikuendana hata siku moja, na sina sababu ya kulipamba jambo hilo sasa. Tulikimbia Kivu Kusini pamoja, tukapewa kiwanja kimoja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukajenga nyumba mbili za udongo zinazotazamana mlango kwa mlango. Kila asubuhi nilimpelekea chai. Nikijaza kikombe anakirudisha. "Punguza. Weka nusu." Akimaliza hiyo nusu, ananiita tena nimwongezee nyingine, hata kama nimeshaanza kufua. Vifungo vya gauni nimfunge mimi, kitambaa cha kichwa nimfunge mimi. Shambani alichambua maharage kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umetulia ndani ya kitenge kama wa mtu aliyekuja kutembea tu. Nilijua ananifanya kijakazi, na nilimtumikia huku nimekaza meno.

Kitu pekee alichowahi kunipa ni mkanda. Kwetu mwanamke habebi mzigo kichwani. Mzigo unakaa mgongoni, mkanda unauzunguka na kupita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta kazi yote. Wenyeji wa huku walikuwa wakisimama njiani kutushangaa, na mama mkwe naye aliwacheka wao, na ndoo zao zikiyumba vichwani. Ule mkanda wa ngozi aliniletea siku nilipoolewa. Aliuweka mwenyewe kwenye paji langu mbele za watu, akasema sasa nimekuwa mwanamke.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Nilichuchumaa, nikapitisha mkanda, nikainuka na gunia. Mguu ukateleza kidogo tu, na kitu kikakatika katikati ya shingo na mabega, moto ukashuka mgongoni hadi kiunoni. Nikaanguka na gunia langu. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu.

"Simama," alisema. "Batu banaangaria."

Nilifika nyumbani nimepinda kama mti wa njiani. Shingo haikugeuka. Hata kumtazama kwa jicho baya nilishindwa, ilibidi nigeuze mwili mzima kwanza, na nikimaliza kugeuka yeye keshaondoka. Hilo lenyewe liliniudhi kuliko maumivu.

Kesho yake aliniitia wanawake wa maombi. Ni watu wa kanisa letu na wana nia njema, lakini walinizunguka, wakanishika mabega, wakanitikisa hadi nikaona nyota. Mkubwa wao akauliza kama kuna mtu ninayemwekea kinyongo moyoni, maana kinyongo hufunga mifupa.

"Yupo," nilisema. "Ameketi pale kwenye kiti."

Maombi yaliisha upesi siku hiyo. Mama mkwe alikwenda kwake bila kuaga mtu, na mume wangu akatoka nje kuangalia mbuzi aliyekuwa amefungwa vizuri. Mume wangu ni mchuuzi wa maharage, anayapeleka soko la Kaberebere, na huko wanasema ana maneno matamu. Kati ya mama yake na mimi hakuwa na neno hata moja.

Nikajikokota hadi zahanati ya kambi. Muuguzi alinibonyeza, akanipa vidonge, akanionya jambo moja: nikiona mkono unaishiwa nguvu, nisikae nyumbani, niende Mbarara, na nisikubali mtu yeyote anivute au anigeuze shingo kwa nguvu. Vidonge vilinisaidia kulala. Lakini siku chache baadaye nilikuwa nakunywa uji, kikombe kikanitoka mkononi. Sikujikwaa wala sikusukumwa. Vidole vilifunguka vyenyewe.

Hapo niliogopa kwa mara ya kwanza. Mkono wa kulia ndio ninaolimia, ndio ninaosongea ugali, ndio ninaomshikia mtoto mgongoni ninapomfunga kitenge. Huku mkimbizi hana kingine cha kutegemea. Nikamwambia mume wangu kuwa mkono wangu unakufa, nataka Mbarara.

Mama mkwe alisikia kutoka mlangoni kwake. Jioni aliingia na mzee mmoja wa kunyoosha mifupa, amemtoa Rugaaga, na kuku aliyekusudiwa kuwa ahsante yake tayari amefungwa miguu. Mzee alikuwa mpole. Alipaka samli viganjani, akaniomba nilale kifudifudi, akaeleza kwamba atavuta kichwa na kukigeuza mara moja, nisikie mlio, basi.

"Ukinigusa nitakuuma," nilimwambia.

"Mukamwana, nyamaza," mama mkwe alifoka. "Miye nilinyooshwa, na niko hapa. Hauna akili kushinda batu bote."

"Mama, shingo ni yangu."

"Na mwana ni wangu! Anaoa muke wa kubeba, si wa kulala."

Maneno hayo yalinichoma, na bado yananichoma. Nilimjibu mambo ambayo mkamwana hamwambii mama wa mumewe, na sitayarudia hapa, ingawa sijayajutia. Mzee wa watu alijifuta samli kwenye majani ya mgomba, akamtazama kuku kwa huzuni, akaondoka. Ndipo mume wangu alipofungua mdomo. Alisema asubuhi tutatafuta gari la Mbarara.

"Nitaenda naye miye," mama yake alisema. "Nione hiyo hospitali itapata ugonjwa gani."

Akaenda kweli. Njia nzima alikaa mbele na dereva, mimi nyuma nikishika kichwa changu kwa mikono miwili kila tulipofika kwenye shimo. Hakugeuka hata mara moja kuuliza kama niko mzima.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi mpaka matako yakafa ganzi. Daktari alikuwa kijana na hakujua Kiswahili. Kwa bahati, jirani yetu wa benchi alikuwa mke wa mwanajeshi wa kambi ya Makenke, aliyeleta mtoto wake mwenye homa, akajitolea kututafsiria kwa Kiswahili chao cha jeshi.

"Musawo anauliza, wewe nabeba mizigo na kichwa? Maji, kuni?"

"Hapana," nilisema. "Sibebake kitu ku kichwa."

Nilisema kweli tupu. Kwetu kubeba kichwani ni kazi ya watu wengine, na sikuwaza zaidi ya swali nililoulizwa. Daktari akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Mke wa mwanajeshi akatafsiri: kama sibebi mizigo, labda nimelala vibaya. Nitumie vidonge, nikandwe kwa maji ya moto, nirudi nyumbani. Nilihisi machozi ya hasira yakipanda. Nimesafiri hadi hapa na mkono unaokufa, naambiwa habari za mto wa kulalia.

Mama mkwe akasimama. Nilidhani anasimama kwa ushindi.

"Mwambie huyu muganga," alimwambia yule mwanamke, "sisi hatubebake ku kichwa kama bao. Sisi tunabeba na mukaba, huku!" Akapiga paji lake kwa kiganja cha kushoto. Kiburi tu ndicho kilichomsimamisha: hakuvumilia wafikiriwe kuwa watu wasiobeba. Alisukuma kitambaa nyuma, na chini ya nywele za mvi ukaonekana mfereji ambao mkanda uliuchimba kwenye paji lake tangu usichana.

Daktari aliupitisha kidole mfereji ule taratibu, akashuka hadi kwenye shingo ya mama mkwe. Akamwomba amkamate vidole vyake viwili na kuvibana. Mkono wa kushoto ulibana. Wa kulia, ule wa ndani ya kitenge, ulilala juu ya vidole vya daktari kama kitambaa kilicholowa.

"Tangu lini hii?" mke wa mwanajeshi alitafsiri.

"Tangu niliponyooshwa," mama mkwe alijibu, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. "Kule kwetu, bado ningali muke wa kijana. Maumivu iliisha yote. Ni mukono tu ndio ilibakia hivi."

Nilisikia kila neno. Watu wananiambia kwamba hapo nilipaswa kumhurumia. Sikumhurumia. Nilimwona akiniletea yule mzee mlangoni, na samli, na kuku, ilhali mkono wake mwenyewe umekufa ndani ya kitenge.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua maumivu inaisha," alisema. "Wewe ulikuwa unalia."

Daktari aliniangalia upya tangu mwanzo. Nilifungwa kola ya shingo, nikapewa dawa nyingine na mazoezi, nikakatazwa mzigo wowote wa paji au wa kichwa. Nilirudi Mbarara mara kadhaa. Nguvu zilirejea polepole hadi nikashika jembe, ila kidole kidogo hadi leo nakichoma na sufuria bila kujua. Kuhusu mama mkwe, daktari alisema umepita muda mwingi. Mkanda niliukata, nikamfungia mbuzi. Mama mkwe alisema mbuzi ataukata. Hakuukata.

Jioni tuliyorudi kutoka Mbarara mara ile ya kwanza, mume wangu ndiye aliyemimina chai, kwa kuwa nilikuwa na kola. Alimjazia mama yake kikombe hadi ukingoni, akakiweka mbele yake, akatoka kuangalia mbuzi wake. Mama mkwe alikitazama. Hakukigusa. Aliniambia nisimwambie mwanawe habari za ule mkono. Nilimwacha aketi mbele ya kikombe kile hadi chai ikaota utando, na nakiri nilifurahi kumwona hivyo.

Kisha nikakichukua kwa mkono wa kushoto, nikamimina nusu kwenye kikombe changu, nikamsogezea iliyobaki. Tulikunywa chai baridi, kila mmoja na nusu yake.