Imeandikwa Baba

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa sabuni na sukari, nilikuwa nafundisha darasa la pili upande wa Masukulu. Mwisho wa muhula nilimwita kila mtoto peke yake mezani kwangu asome kifungu kwa sauti, kisha nimuulize maswali nione kama ameelewa.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa umeingia mpaka darasani, alikuja binti mmoja mpole. Kifungu kilihusu baba aliyesafiri akarudi nyumbani na zawadi. Wenzake wengi walichanganya r na l kama tunavyoongea majumbani. Yeye hakukosea hata neno. Nikamuuliza nani alileta zawadi.

"Mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Aliyerudi."

Nilidhani hajanielewa. Nikaweka kidole kwenye mstari, nikamwambia asome tena. Akasoma sawasawa: baba alirudi nyumbani.

"Sasa nani alirudi?"

Akatazama dirishani. "Imeandikwa baba, mwalimu. Lakini siyo yeye."

Sikujua nimpe alama gani. Jioni nikapita kwao. Mama yake alinikaribisha, akaniambia mumewe amerudi karibuni kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya, alikokwenda binti akiwa bado hajaanza shule. Mwanamume mwenyewe akatoka, akanisalimu vizuri, akauliza maendeleo ya mtoto. Bibi, mama mzazi wa mwanamume huyo, alikuwa ameketi karibu na moto. Akamwambia huyo mwanamume kwa Kinyakyusa, lugha ya kwao, aniletee kigoda. Hakusogea. Bibi akarudia. Alimtazama tu huku anatabasamu, mpaka mkewe alipomwambia kwa Kiswahili, ndipo akainuka haraka kukileta.

Bibi aligeuza uso, akaendelea kuchochea kuni.

Mama akanisindikiza kupitia migombani. Nilimweleza jibu la mtoto nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema watoto wadogo husahau sura za watu. Tulipofika barabarani akanishika mkono.

"Mwalimu, swali hilo usimuulize tena."

Sikumuuliza. Muhula uliofuata nilimpa kifungu cha mbuzi, akajibu maswali yote. Yule mwanamume alifungua duka, akajenga nyumba ya matofali, akamtunza bibi hadi alipofariki. Kijijini hakuna aliyemsema vibaya. Mimi nilinunua chumvi kwake miaka yote, na kila aliponirudishia chenji nilijikuta natazama vidole vyake, sijui nikitafuta nini.

Siku binti alipokwenda sekondari, yeye ndiye aliyembebea sanduku hadi kituoni. Nilikuwepo. Binti alimshukuru kwa heshima zote, akamwita mzee, kama anavyoitwa mtu usiyemjua aliyekusaidia njiani, kisha akapanda gari. Hakugeuka nyuma.

Mwanamume alibaki pale anapunga mkono, na aliendelea kupunga hata gari lilipokwisha kukata kona.