Vidonge Ndani ya Kibakuli cha Jiwe

Si uzee, Mama. Usiniambie tena ni uzee. Uzee gani unafanya nyanya apotee kati ya shamba la chai na nyumba, na amepita hiyo njia tangu kabla wewe uolewe hapa?

Daktari kule Kisii alituonyesha picha ya kichwa chake, alama ndogo ndogo. Akasema hapo damu ilikosa kufika, ubongo ukafa kidogo, na si mara moja. Stroki za kimya. Akauliza kama nyanya hunywa dawa za presha. Nikatoa daftari langu la dawa zake mbio, kama mtu anajua jibu darasani. Tiki kila asubuhi, mwaka mzima, kwa mkono wangu. Nyanya akaangalia dirisha. Wewe ukafungua mkoba, ukafunga.

Leo nikitafuta kiberiti nimefungua kile kibakuli cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, chenye kifuniko. Kimejaa vidonge. Vingine vimeyeyuka nusu vikakauka. Kumbe alikuwa anavificha chini ya ulimi, nikigeuka anatema.

"Nyanya, kwa nini?"

"Mjukuu, hiyo dawa inanipeleka choo kila saa. Na kwa chai nachuma na baba yako na ndugu zake. Nichuchumae wapi, watoto wangu wa kiume wakiwa hapo? Hiyo ni aibu ya kuzikwa nayo." Akacheka. "Siku ya kliniki nakunywa, nesi ananisifu. Na wewe na daftari lako, kama karani wa kupima majani!"

Sikucheka. Nilikuja kwako jikoni.

"Mama, ulijua?"

"Niliviona kitambo. Sasa ningeanzaje kumwambia mama mkwe mambo ya choo?"

Sawa, wewe huwezi. Baba ndiyo hawezi kabisa. Lakini mimi? Mjukuu na nyanya yake huongea yote, hata ya kitandani ananiambia. Mtu mmoja kwa hii boma angeweza kumuuliza, na huyo ndiye mliacha aweke tiki za uongo huku kichwa cha nyanya kinaharibika.

Kesho asubuhi siweki tiki. Nitamshika nyanya mkono, twende kliniki Keumbu na hicho kibakuli. Nitakimwaga kwa meza ya nesi, nimwambie ukweli wote, hata wa choo, halafu niulize kama kuna dawa nyingine ambayo mtu anaweza kuchuma chai nayo.