Eda Iliyokula Nyumba

MaHadebe alikuwa jirani yangu pale mtaani Vosloorus, Afrika Kusini, ukuta kwa ukuta, mama mpole mpaka upole wenyewe unakukera.

Mumewe, Bhekani, alikuwa mlinzi wa usiku. Kampuni moja ya mikopo ilimjaza upepo: weka nyumba dhamana, jenga vyumba vya kupangisha uani, wapangaji ndio watakaolipa. Ili hesabu ikubali, karani wao aliandika hata pesa za upatu wa Krismasi kana kwamba ni mshahara wa kila mwezi. Mke na mume wakatia sahihi. Vyumba viliishia usawa wa madirisha. Marejesho yalikula mshahara wote, ikabaki nauli tu, na Bhekani akafa kwa presha kabla hajamwona mpangaji hata mmoja.

Eda ya kwetu ni mwaka mzima wa nguo nyeusi, na anayeisimamia ni ukoo wa mume. Basi akaingia Nomalanga, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke ambaye hata akikusalimu unahisi umekosa. Tarishi wa mahakama alipoleta wito wa kesi, kwamba kampuni inaidai nyumba, walikuwa wawili tu chumbani. MaHadebe alinisimulia baadaye.

"Huendi popote," Nomalanga alimwambia.

"Wifi, wanataka kuuza nyumba."

"Na wewe unataka kutembeza mkosi wa kaka yangu mbele za watu? Kaa chini!"

Akakaa. Ningekuwa mimi, ningetoka na weusi wangu huohuo mpaka kwa jaji. Kesi ikasikilizwa bila yeye, ikaamriwa nyumba iuzwe.

Tukampata wakili wa bure, binti mkali aitwaye Refilwe, akaomba hukumu ile ifutwe. Safari hii Nomalanga mwenyewe alitoa ruhusa, akaahidi kuja kueleza kwamba yeye ndiye aliyemzuia mjane. Alikuja na sare yake ya kina mama wa kanisa, kola imepigwa pasi.

Jaji alimgeukia wakili wa kampuni. "Huyu mlinzi, akishawalipa nyinyi, angekula nini?"

Yule bwana akaanza kupekua makaratasi. Moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Mkopo huu unanuka," jaji akasema. "Lakini lazima nijue kwa nini mama huyu hakuja. Kama alikaa nyumbani kwa kupenda, mikono yangu imefungwa."

"Nilikuwa na weusi, mheshimiwa. Nilikatazwa," MaHadebe akajibu.

Nomalanga akaitwa, akaapa.

"Hakuna aliyemkataza," alisema, bila hata kupepesa. "Dunia ya leo nani anamfungia mtu ndani? Mbona kwenye ofisi ya ruzuku ya watoto alikwenda na weusi wake?"

Ni kweli alikwenda, mara moja, wajukuu anaowalea walipokosa unga.

Jaji akamtazama MaHadebe. "Mama, wifi yako anasema uongo?"

Refilwe akamnong'oneza, "Sema, mama! Sema sasa!" Nami nilimfinya mkono. Lakini kwetu mke wa mtu hamwiti mkubwa wa ukoo wa mumewe mwongo, tena hadharani, tena akiwa edani. MaHadebe aliinamisha kichwa.

"Wifi ameshasema, mheshimiwa."

Refilwe akajishika kichwa. Jaji akatupilia mbali ombi letu.

Nilimdaka Nomalanga kwenye korido. "We mama, una roho gani?"

"Ulitaka nikiri kwamba nyumba ya kaka yangu inauzwa kwa sababu yangu? Kanisani wangenionaje?" Akanyoosha kola, akaenda zake. Sijapata kumchukia mtu hivyo maishani.

Mnunuzi alikuja na askari kuwatoa. Vyombo vilitupwa barabarani: kabati, masufuria, godoro, na wajukuu wawili wamekaa juu yake. Nomalanga alikuja kuchukua picha ya kaka yake. MaHadebe alipiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Wifi, niruhusu nilale kwako na watoto, mpaka nijue pa kwenda."

Nomalanga alirudi nyuma, akakusanya sketi yake isimguse.

"Kwangu? Na weusi huo? Mjane haingii nyumba za watu, hujui mila?"

"Ndiyo, wifi," MaHadebe akasema, akawainua watoto, akaanza kukunja godoro.