Nyumba ya Chini na Nyumba ya Juu

Juzi tulipanda Butembo kutoka Beni, mimi na mume wangu, kutafuta nyumba ya kununua. Ukiwa na watoto wanne na umechoka kulala na viatu miguuni tayari kukimbia, hakuna anayekuuliza kwa nini unahama Beni. Komisioneri, yule dalali anayekula kwa ulimi wake, alituonyesha nyumba mbili katika mitaa miwili ya pembeni mwa mji. Akasifu geti, akasifu ukuta, akasifu vipande vya chupa vilivyopandwa juu yake. Nikamwuliza jirani ni nani. Akanijibu kwa fahari kwamba kwa ukuta ule sitakuwa na haja ya kumjua. Mume wangu alicheka. Mimi mawazo yalikuwa yameshanirudisha mbali.

Nilikuwa na miaka tisa tulipotafuta nyumba mara ya kwanza, humu humu Butembo. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, nchi imekatwa vipande, na sisi tuko katika kipande cha waasi. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, Mkasai kutoka katikati ya nchi, aliyetumwa na serikali kuja kufundisha hesabu mbali na kwao. Alikuja kwa miaka miwili tu. Akamwona mama, binti wa Musienene, na ile miwili ikazaa mingine. Nchi ilipokatwa, serikali iliyomtuma ilibaki upande wa pili, pamoja na mshahara wake na mama yake mzazi. Wenzake waliotumwa kama yeye walifunga mizigo mmoja mmoja, wakarudi kwao kwa kuzungukia Uganda. Baba alibaki, lakini alibaki kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya kiti. Sisi watoto tuliliona hilo, ingawa hakuna aliyelitaja.

Tulipanga vyumba viwili nyuma ya shule. Siku moja mwenye nyumba, mtu mwema, alikuja ameshika kofia mkononi. Ndugu zake walikuwa wamekimbia kutoka Luofu, kumi na mmoja, wanalala jikoni kwake. Hakutufukuza. Alikunywa chai yetu, akatazama ukuta kwa muda mrefu, akaaga. Kesho yake tulianza kutafuta nyumba ya kununua kwa akiba ya baba.

Zikapatikana nyumba mbili, na sisi watoto tukaziita ya Chini na ya Juu. Ya Chini ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati linang'aa, hatua chache kutoka barabara kubwa. Malori ya Kirumba yalishusha makabichi na viazi karibu na mlango, redio za maduka zilishindana, na mandazi yalinukia tangu alfajiri. Ya Juu ilikuwa ya udongo uliopakwa chokaa, bati lake na matundu, kilimani ambako ukungu ulikaa mpaka saa tatu. Ilikuwa na shamba dogo la maharage nyuma, mikaratusi, chemchemi, na kanisa dogo la Kiprotestanti ambalo kwaya yake haikuchoka kufanya mazoezi.

Baba alitaka ya Chini. Sababu alikuwa nazo nyingi, mwalimu hakosi sababu: shule iko karibu, matofali hayaoshwi na mvua. Ile ya kweli alimwambia mama mara moja tu.

“Barabara ikifunguka, lori iko hapa mulangoni.”

Siku hiyo fufu, ugali aliousonga mama, ilikuwa na madonge, na mama hakuwa mtu wa madonge.

Ndipo akashuka koko, mama yake mama, kutoka Musienene na kikapu chake mgongoni. Mkwe na mama mkwe kwetu hawabishani. Wanazungumza kupitia mtu wa tatu, kama serikali mbili. Koko alimwambia mama, baba akiwa pale pale, kwamba hakuna nyumba itakayonunuliwa kabla yeye hajapika maharage ndani yake. Akachukua chungu, kuni, na kigae chenye majivu. Kiberiti alikiacha nyumbani kwa makusudi.

Tulianza na ya Chini. Koko alinituma na kile kigae kwa jirani kuomba moto. Jirani alikuwa mwenye duka, mama mnene mwenye kitenge kizuri. Alinipa kiberiti kipya kizima, akasema nisirudishe. Nikarudi nikirukaruka. Baba alitabasamu, akijua ameshinda. Koko alipika, tukala, akashukuru, akakunja midomo.

Ya Juu tulikwenda kesho yake. Jirani alikuwa mjane mkulima, mwembamba, mikono na udongo. Huyu hakunipa kitu upesi. Kwanza aliuliza mimi ni mtoto wa nani, kwetu anaumwa nani, na moto unazimikaje katika nyumba yenye mama. Kisha akachagua makaa mawili, akayafunika kwa majivu, akanifuata nyuma mpaka kwetu. Akapiga magoti, akapuliza hadi machozi yakamtoka, huku akimsema koko kwa namna alivyopanga kuni. Koko naye alimrudishia. Walizozana kama wasichana waliokua pamoja, na nilimwona koko anafurahi. Moto ulipowaka, yule mjane alimgeukia baba.

“Mwalimu, weye ni mutu wa mbali. Utabakia?”

Swali hilo hatukuwa tumethubutu kuliuliza, hata mama. Mama aliacha kuchambua maharage. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati.

“Sijue, mama.”

“Haina mambo. Bale batabakia, tutabaangalia,” akasema, akitutazama mama na sisi watoto.

Tukiwa tunateremka, koko alitoa hukumu yake, akimtazama mama ili baba asikie.

“Mwenye anakupa kibiriti, amemaliza na weye. Mwenye anakupa moto, atakuya kuuliza kama iliwaka.”

Baba alinunua ya Juu. Vitanda vilipanda kilima kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, wanaume wa mtaa wakaziba bati, kwaya ikatuimbia bila kualikwa. Na kweli, asubuhi ya kwanza yule mjane alikuja kuuliza kama uliwaka. Koko hakukosea, ingawa sikufichi, yule mama wa duka naye alikuwa mwema. Wanajeshi walipopora maduka ya barabarani, alikaa kwetu wiki mbili, na hakuacha hata sufuria moja bila kusugua. Tulikuwa na furaha kilimani pale, mwenzangu. Nikisikia harufu ya mkaratusi mbichi ukiungua, moyo unaniuma hata leo.

Lakini siku chache baada ya kuhama, nikiosha vyombo nyuma ya nyumba, nilimsikia baba akimwambia mama: “Ile ya Chini ilikuwa yangu. Hii ni yenu. Siku nitaenda, hamutabakia peke yenu.”

Basi nikaelewa kwamba baba hakuchagua nyumba ya kukaa. Alituchagulia watu wa kutuachia.

Na hapa nikuambie jambo ambalo hata mume wangu halijui. Jumapili mchungaji alitutaka tuombe wote pamoja, kwa sauti, kila mtu kwa lugha yake, amani irudi na barabara zifunguke. Baba aliomba kwa Chiluba, lugha ya kwao, machozi yakimtoka. Katika kelele ile hakuna aliyesikia mtoto anasema nini. Mimi niliomba vita visiishe. Kila Jumapili, kwa miaka miwili na zaidi, nilimwomba Mungu barabara zibaki zimefungwa ili baba asiende.

Hakwenda. Mama yake alifariki, barua ikatufikia miezi tisa baada ya mazishi, mkononi mwa mfanyabiashara. Barabara zilipotangazwa kufunguliwa, hakuwa tena na mtu wa kumkimbilia. Amezikwa kilimani. Yule mjane naye amekwenda, shamba la maharage limekatwa viwanja, na kwaya imetawanyika. Vita vimebadili majina na nguo, havijatoka.

Najua Mungu hapangi vita kwa ombi la mtoto wa miaka tisa. Nimesoma, najua. Lakini wanangu wanapouliza vita vitaisha lini, baba yao huwatazama usoni na kuwajibu. Mimi huinamisha kichwa.