Kifo cha Dakika Kumi

Walipofunga mpaka wa Kavimvira na kukataza mikusanyiko kwa sababu ya ule ugonjwa mpya wa kifua, kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na watu sita, ngoma mbili na kipaza sauti kimoja cha kubeba mkononi. Tuliishi kwa harusi, kwa sherehe za shule, na kwa siku za soko, tulipocheza mbele ya wauza ndagala, dagaa wa ziwani, na watu wakatutupia walichokuwa nacho. Ndani ya wiki moja hayo yote yalikwisha. Shule zilifungwa, makanisa yakafungwa, na harusi zikawa jambo la watu wachache waliosimama mbalimbali, kila mmoja na kashene yake usoni, maana barakoa tuliiita hivyo. Mimi ndiye niliyeandika michezo na kuongoza mazoezi. Baada ya mwezi mmoja sikuwa na mtu wa kumwongoza. Mpiga ngoma mmoja alikwenda kulima bonde la Ruzizi, mwingine akawa anakodiwa kuchota matope yaliyoachwa na mafuriko ndani ya nyumba za watu.

Aliyeniumiza moyo ni mzee wetu. Alikuwa mchekeshaji tangu mimi sijazaliwa. Katika ujana wake alivua samaki kwao Makobola, kisha akaacha nyavu kwa sababu, alivyopenda kusema, samaki hawacheki. Akitoka nyumbani kwake Rugenge kuja kwangu Nyamianda ilimchukua nusu ya asubuhi, kwa kuwa kila mtu alimsimamisha ili amrudishie maneno yake ya mchezo fulani. Sasa alikuja kila siku, akasimama kwenye mlango wangu kwa heshima kama mgeni.

"Binti yangu, iko kazi?"

"Haiko, Papa."

"Basi kesho."

Hakuwahi kuomba chakula. Lakini niliona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

Rafiki yangu wa Bukavu ndiye aliyenitumia tangazo kwenye simu: kulikuwa na msaada kwa wasanii ambao ugonjwa umewazuia kufanya kazi. Nilikwenda kwenye chumba cha kompyuta kando ya barabara kubwa nikaijaza ile fomu kwa Kifaransa. Swali moja liliuliza ugonjwa umegusa vipi ubunifu wangu. Nilitaka kuandika kwamba tuna njaa. Badala yake nikaandika maneno marefu yenye adabu. Swali jingine liliuliza kazi yetu itawafikia akina nani, nami nikajibu: wakazi wa Nyamianda na Rugenge. Mchezo niliopendekeza ulikuwa wa kuchekesha. Bwana harusi ananawa mikono mpaka anachelewa harusi yake mwenyewe.

Baada ya wiki tatu simu iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole. Alisema dosie yetu ya maombi imekubaliwa, nusu ya msaada itatumwa sasa na nusu baada ya kazi.

"Mchezo wenu unachekesha," alisema. "Lakini watu hawaogopi, madamu. Tunataka waogope kidogo. Tuonyesheni mtu anayekufa."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha. Filamu ya dakika kumi."

Ningependa kuandika hapa kwamba niliomba muda wa kufikiri. Sikuomba. Nilisema ndiyo kabla hajavuta pumzi nyingine.

Mzee alifurahi mpaka akapiga makofi. "Kufa? Minye nakufaka vizuri! Kwa teatre minye nimekufa kila mwaka, na kesho yake nakula bugali."

Mke wake hakucheka. Alikuwa mama mwembamba, mpole, ambaye miaka yote ile hakuwahi kuingilia kazi yetu. Tulipofika na mkeka na unga wa kumpaka mzee usoni, alisimama katikati ya kiwanja.

"Hapa kwangu hapana," alisema. "Kifo haiitwi mbele ya mulango."

"Mama, ni mchezo tu," nikamwambia.

"Najua ni muchezo. Na yenyewe, kifo, iko najua?"

Mzee alimbembeleza, akamwita majina ya utani wa ujana wao, akamwonyesha gunia la unga tulilonunua kwa ule msaada. Mwishowe mama aliingia ndani akafunga mlango, nasi tukaanza.

Nimewaona watu wengi wakiigiza kifo. Wengi hupiga kelele. Yeye alikwenda taratibu. Alikohoa, akatafuta hewa, akaomba maji, na kikombe kilipofika mdomoni akawa amesahau kilikuwa cha nini. Mwenzetu aliyeshika simu alilia huku anapiga picha. Jirani aliruka ukuta akidhani ni kweli. Nilipotaja neno la kumaliza, mzee hakuamka mara moja, nami nikapiga hatua mbili kuelekea mkekani. Kisha akafumbua jicho moja, na sote tukacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Filamu ilitoka. Mwanzoni ilikuwa na jina la kikundi na maneno ya kuwaambia watu kwamba ni maigizo. Lakini mtu fulani, sikuwahi kumjua, aliikata akabakiza dakika ile ya mwisho tu, nayo ikaenda kutoka simu hadi simu bila jina lolote. Siku ya nne dada mdogo wa mzee alifika kutoka Makobola kwa piki-piki, amejifunga kitenge kiunoni, akipiga yowe la msiba tangu njia panda. Alimkuta kaka yake ameketi kiwanjani anakula ndagala. Alisimama kinywa wazi. Kisha akamwendea, akampiga kofi, halafu akamkumbatia. Siku hiyo tulicheka tena.

Ila mwenye piki-piki aliyemleta hakucheka.

"Kumbe haukukufa?" alimwuliza mzee.

"Sikukufa, mwanangu. Unaniona."

"Basi nani alikulipa ukufe?"

Swali hilo lilitoka pale kiwanjani pamoja naye, na kufikia jioni lilikuwa limezunguka mji. Kwanza walisema ugonjwa haupo, kuna watu wanalipwa wajifanye wafu. Siku tatu baadaye yakaja maneno mengine: kwamba ugonjwa upo, na waliokula pesa zake wametia sahihi, kwa hiyo lazima walete miili ya kweli, mmoja mmoja, mpaka ifanane na filamu. Uvumi wa pili ulipingana na wa kwanza, lakini watu waliubeba wote wawili bila kuulalamikia uzito.

Nilikwenda kununua nyanya kwa mama mmoja wa Nyamianda ambaye tulizoeana miaka mingi, kiasi kwamba aliniongezea bila kuombwa. Hakuinua uso.

"Banasema uliandika bantu," alisema.

"Watu gani, Mama?"

"Bantu ba hapa. Kwa ile karatasi." Alivuta kitambaa akafunika mafungu yake ya nyanya. "Na minye uliniandika?"

Nilifungua kinywa niseme hapana. Ndipo nilipokumbuka ule mstari wa fomu: wakazi wa Nyamianda na Rugenge. Nikachelewa kujibu, na kuchelewa kwangu kukawa jibu.

Wiki hiyo watu wawili walikufa mtaani kwetu, mama aliyekuwa anajifungua na babu aliyeugua miaka mingi. Nilipopita karibu na misiba hiyo, maongezi yalikatika, yakaanza tena nikishapita. Kwenye lango la mzee kule Rugenge mtu alichora sanduku kwa mkaa, sanduku refu lenye msalaba. Mke wake alilisugua kwa mchanga mpaka mbao zikawa nyeupe. Kulipokucha lilikuwepo tena, kubwa zaidi. Alilisugua. Likarudi. Mzee alisema watasahau, kwamba watu wa mji huu hawawezi kukasirika zaidi ya msimu mmoja wa mvua. Lakini aliacha kuja kwangu.

Kisha alianza kukohoa. Siku ya kwanza mke wake alidhani anafanya mazoezi, akamkemea aache. Siku ya tatu alituma mtu aniite.

Nilimkuta kwenye mkeka uleule wa filamu. Hakuwa na mkeka mwingine.

"Twende hospitali, Papa."

"Hapana." Aliongea akipumzika kila baada ya neno. "Nikitoka hapa nimebebwa, bantu batasema, unaona, analeta mwili yake, kama alivyoahidi. Batakufanyia mubaya. Batafanyia na huyu mama."

"Usifikirie hayo."

"Na kama minye mwenyewe niliiita, hii kifo?"

Mke wake alikuwa amesimama nyuma yangu. "Weye ndiye ulimwambia akufe," alisema bila kupaza sauti. "Sasa umwambie apone."

Nilikimbia hadi njia panda, ambako wenye piki-piki husubiri abiria. Walikuwa watano. Nilipotaja nyumba, wa kwanza alitikisa kichwa. "Ule muzee wa filme? Hapana, dada." Wa pili aliwasha piki-piki yake akaondoka bila neno, na waliobaki wakakataa vilevile. Nikarudi kwangu, nikachukua kipaza sauti chetu, nikapanda juu ya tofali kubwa pale sokoni mchana kweupe, ingawa mikusanyiko ilikuwa imekatazwa.

Niliwaambia yote. Fomu, simu, mtu mwenye sauti ya upole, unga usoni. Niliwaambia kwamba mzee anaumwa kweli na hakuna anayekubali kumbeba. Mtu mmoja alicheka. "Musikie, iko nacheza!" Watu wakasogea, simu zikainuliwa. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimefundisha sauti yangu kubeba huzuni hadi mstari wa nyuma, na sasa nilipoihitaji ilitoka kama nilivyoifundisha. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kusogea kutazama. Nilizima kipaza sauti.

Yule mama wa nyanya alisimama mahali pake.

"Uliniandika ao haukuniandika?" aliuliza mbele ya wote.

"Niliandika mtaa," nikamjibu. "Niliandika kwamba tutawachezea wakazi wa Nyamianda na Rugenge. Jina la mtu sikuandika hata moja. Lakini mimi ndiye niliyemwambia ajifanye anakufa, kwa sababu waliniambia niwaogopeshe, nami nilikubali. Yeye hakuahidi kitu."

Sidhani kama aliniamini yote. Alifunga biashara yake, akakaza kitenge, akamwambia kijana mmoja wa piki-piki, "Weye, leta piki yako." Kijana akaangalia pembeni. "Basi tutamubeba," mama akasema.

Tulimbeba kwenye kiti kilichofungwa juu ya miti miwili, kama wanavyowabeba wagonjwa kutoka milimani. Tulikuwa wanne: mimi, mama huyo, na wenzangu wawili wa kikundi. Mke wake alitangulia akiwa na birika la maji. Mbele yetu milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na mama mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa mkono. Ndiyo mara ya kwanza mzee wetu alipita Rugenge na hakuna aliyemsimamisha.

Kwenye kituo cha afya mwuguzi alimsikiliza kifua akamlaza chumba cha nyuma. Hakuna aliyetuambia ulikuwa ugonjwa gani, na vipimo havikuwepo. Alikaa siku kumi na moja. Kila siku niliamka nikiwa tayari kusikia yowe, na kila siku halikuja. Alitoka akitembea kwa miguu yake, lakini sauti haikutoka naye. Kilichobaki kilikuwa kama mchanga unaomwagwa kwenye karai.

Ile namba ilinipigia tena siku alipotoka.

"Hongera," sauti ya upole ilisema. "Filamu yenu imefika mbali kuliko zote. Tungependa sehemu ya pili. Yule mzee, safari hii na mazishi."

"Yule mzee ameugua kweli," nikasema. "Hawezi kuongea."

Nilisikia karatasi zikigeuzwa.

"Pole sana," alisema. "Je, mnaye mwingine?"

Nilikata simu. Nusu ya pili haikuja, na sikuiulizia. Nusu ya kwanza tulikuwa tumeshaila.

Sanduku la mkaa liliendelea kuonekana kwenye lango hata baada ya makanisa kufunguliwa. Ndipo mzee na mke wake walipohamia Makobola, kwa yule dada yake mdogo. Sisi tulirudi harusini. Siku hizi watu wanacheka tena, ingawa mwaka jana, nilipojitambulisha kwenye sherehe moja, bibi aliyeketi mbele alikivuta kiti chake nyuma polepole.

Nilikwenda Makobola mara moja. Mzee alikuwa chini ya paa la majani akitazama ziwa, ambalo maji yake yalikuwa yamepanda hadi kwenye migomba. Alinisimulia vichekesho kwa kunong'ona, na ilinibidi niinamishe sikio hadi karibu na mdomo wake. Vilikuwa vizuri. Aliniambia hana kinyongo, na nadhani alisema kweli. Mke wake alituletea bugali na samaki, akasimama mlangoni mpaka tukamaliza. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyoyapanga njia nzima.

"Nimesikia," alisema.

Nilipoaga, alinifuata hadi barabarani. Hakunipa mkono. Alisimama kando yangu kimya mpaka piki-piki ikaja, akasubiri nipande, akaendelea kusimama pale hadi tulipopinda. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisindikiza au anahakikisha nimeondoka.